Kwa Nini Wanachukua Fomu

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Mbeya swali huwa lilelile, na huulizwa ndani ya daladala za Mwanjelwa, kwenye vijiwe vya bodaboda na hata nje ya kanisa baada ya ibada: huyu naye anagombea ili iweje, wakati anajua fika kwamba hatatangazwa mshindi? Anayeuliza mara nyingi si kada wa chama tawala, CCM. Ni mtu aliyekata tamaa, aliyepanga foleni mwaka 2010 na 2015 akiamini kwamba kura yake ina uzito, na ambaye sasa anamwona mgombea wa upinzani kuwa anajitafutia balaa bila sababu. Majibu mawili hutolewa haraka: ama anatafuta ulaji, ama hajui hesabu. Naandika kwa sababu naamini majibu yote mawili yanawadhulumu watu niliowaona kwa karibu, na kwa sababu tusipoelewa kinachowasukuma hatutaelewa pia kwa nini vitisho vya miaka yote hii havijawamaliza.

Hesabu wanazijua kuliko sisi tunaowauliza. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, msanii ambaye nchi nzima inamwita Sugu, alishinda ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya chama cha upinzani cha Chadema, na mwaka huohuo Mchungaji Peter Msigwa akashinda Iringa Mjini. Mwaka 2015 wote wawili walirudi bungeni, na huko ambako sasa ni Mkoa wa Songwe wakaongezeka Pascal Haonga wa Mbozi na Frank Mwakajoka wa Tunduma, huku David Silinde akiendelea na ubunge, safari hii katika jimbo la Momba. Wengi wetu tuliamini kwamba Nyanda za Juu Kusini zimefungua njia ambayo haitazibwa tena. Baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 hakubaki hata mmoja wao bungeni upande wa upinzani. Nchi nzima Chadema ilitangaziwa ushindi katika jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini kule Rukwa, alikoshinda Aida Khenani, na katika majimbo zaidi ya 20 wagombea wa CCM walipita bila kupingwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walikuwa wameenguliwa kwa wingi kiasi kwamba vyama vikubwa vilijitoa, na CCM ikatangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mtu anayechukua fomu ya upinzani baada ya kuyaona hayo si mtu aliyedanganywa.

Kuhusu ulaji, sitadai kwamba mshahara, posho na kiinua mgongo cha mbunge havimvuti mtu. Vinavuta. Lakini mwenye njaa ya cheo, akiwa na akili timamu, haendi upinzani. Anakwenda CCM, ambako mwaka 2020 maelfu ya wanachama walijitokeza kuchukua fomu za kuomba kuteuliwa, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba akishavuka kura za maoni na vikao vya uteuzi, kazi ngumu imekwisha. Upande wa pili mambo yamegeuka: kupata tiketi ni rahisi, tena katika kata nyingi chama huzunguka kikimbembeleza mtu akubali, na ugumu wote huanzia hapo. Sheria yenyewe haidai makubwa. Mgombea ubunge anatakiwa awe ametimiza miaka 21, apate wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni na aweke dhamana ya shilingi 50,000. Gharama ya kweli haimo kwenye sheria. Imo kwenye leseni ya duka ambayo ghafla inachelewa, kwenye zabuni ndogo ya kupeleka mchele shuleni ambayo inahamia kwa mwingine, na kwenye ukoo unaokaa kikao kumwambia mzazi kwamba siasa zake zitamfungia mtoto milango ya ajira.

Wala hakuna njia ya pembeni. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, alitumia takribani miaka 20 mahakamani akidai kwamba Mtanzania aruhusiwe kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, na Katiba ikabadilishwa ili kumzuia. Ikakubaliana naye tena mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi Juni 2013, naye akafariki katika ajali ya gari Oktoba 2015 bila kuuona ushindi huo ukitekelezwa. Maana yake ni kwamba mtu anayeheshimika kijijini kwake, ambaye hana ugomvi na yeyote ila anataka kuhoji mambo, hawezi kusimama kwa jina lake tu. Lazima avae rangi ya chama, na rangi hiyo ikishavaliwa haivuliki siku ya pili.

Kuna mama mmoja wa upande wa Rungwe ambaye jina lake na kata yake nitavihifadhi, kwa kuwa bado anaishi hapohapo. Hakuanzia kwenye siasa. Alikuwa mwekahazina wa kwaya, kisha wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu daftari lake halikuwahi kupishana na fedha zilizomo kwenye sanduku. Uaminifu huo ndio uliomfanya achaguliwe kwenye kamati ya maji, na kwenye kamati ya maji ndiko alikoziona risiti za mabomba ambayo hakuna aliyeyaona kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ulipoitishwa baada ya kuchelewa sana, alinyanyuka na daftari mkononi, akawaamkia wazee, akaomba taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Haikusomwa. Aliulizwa ni chama gani kimemtuma. Siku hiyo hakuwa na kadi ya chama chochote, lakini alirudi nyumbani akiwa ameshapachikwa upinzani, na kuanzia hapo waliomsalimia kwa uhuru walikuwa ni wale waliokuwa wamepachikwa kama yeye.

Nadhani tunaouliza swali lile la daladalani tunakosea hapa. Tunafikiri mtu huketi, akapima uwezekano wa kushinda, akapima na hasara, kisha akaamua. Kwa wengi niliowafahamu uamuzi haukufanyika kwa siku moja, wala haukuwa wao peke yao. Ulifanyika kidogo kidogo katika miaka ya kutunza fedha za wengine, kusimamia mgao wa mbolea ya ruzuku, kumsindikiza mjane baraza la ardhi, kusuluhisha ugomvi wa mfereji. Ilipofika zamu ya kuchukua fomu ya udiwani, hatua hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ya kusimama mkutanoni mara ya kwanza. Tena aliyemwomba mama yule agombee hakuwa kiongozi wa chama kutoka mjini. Walikuwa akina mama wa kikundi chake, waliomwambia kwamba wao watachanga nauli na maharage ya mawakala, kazi yake ni kukubali tu. Mtu aliyeombwa namna hiyo na watu wanaomwekea akiba zao mikononi hawezi kukataa kwa hoja kwamba hatatangazwa.

Nilikuwepo usiku wa kujaza ile fomu mwaka 2020. Kwa kuwa kila mtu alikwisha kusikia habari za wagombea walioenguliwa kwa sababu ya herufi moja, fomu halisi ilibaki ndani ya bahasha na kazi ikaanzia kwenye nakala. Mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri ndiye aliyeandika. Walibishana kwa muda mrefu kuhusu nafasi ya kazi: aandike mkulima, kwa kuwa ana shamba la chai na migomba, au mkulima na mfanyabiashara, kwa kuwa huuza parachichi sokoni? Wakakubaliana na mkulima, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye nyaraka zake nyingine. Jina la chama liliandikwa kwa kirefu. Majina yake matatu yaliandikwa kwa mpangilio uleule uliomo kwenye kadi ya mpiga kura, na namba za kadi za wadhamini zilisomwa kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kidole. Mzee mmoja kati ya wadhamini akaomba ajitoe, kwa sababu kijana wake ameajiriwa halmashauri. Hakuna aliyemlaumu, mama alimpa mkono akamwambia ndaga, yaani asante, na binti anayeuza vitumbua stendi akavaa khanga yake akaenda nyumbani kufuata kadi ili azibe pengo.

Fomu ilirudishwa, ikawekewa pingamizi kwa sababu ambayo hata leo siielewi, na akaenguliwa. Alikata rufaa, na kama ilivyotokea kwa wagombea wengine wengi wa udiwani mwaka ule, akarejeshwa wakati kampeni zimekwisha kuanza. Alishindwa. Kwa kipimo cha swali letu, habari inaishia hapo.

Lakini tazama alichokipata kati ya kurejeshwa na kushindwa. Tangu Juni 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiliwa, na mbunge au diwani aliruhusiwa kuzungumza katika eneo lake tu. Katazo hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023. Mtu asiye na cheo, anayetaka kuwaambia majirani zake habari za mabomba, hakuwa na mahali halali pa kusimama katika miaka yote hiyo isipokuwa wakati wa kampeni, ambazo mwaka 2020 zilianza tarehe 26 Agosti na kumalizika tarehe 27 Oktoba. Fomu iliyopokelewa ilikuwa kibali cha kusema. Alizunguka kila kitongoji na daftari lake, akasoma alichokuwa ameombwa asikisome, huku askari aliyekuja mkutanoni akiwa amekuja kulinda mkutano. Sijui njia nyingine yoyote ambayo ingempa nafasi hiyo kwa muda wa wiki nyingi namna ile.

Tena kura za aliyeshindwa hazipotei zote, jambo ambalo watu wengi hawalifahamu. Viti maalum vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, mradi zifikie asilimia 5, na ruzuku ya chama nayo hutegemea kura na viti. Mgombea ubunge wa Makete au Ludewa anayejua kwamba jimbo hatalipata anaweza bado kuwa anamwongezea mwanamke wa mkoa mwingine nafasi ya kuingia bungeni. Na ana haki ya kuweka wakala katika kila kituo, yaani mtu wa kijiji hichohicho anayekaa ndani ya chumba tangu kufunguliwa hadi kuhesabu, anayesaini fomu ya matokeo au kukataa kuisaini. Vyama vya upinzani vimelalamika mara nyingi kwamba mawakala wao hucheleweshewa barua za utambulisho au hutolewa nje. Lakini pale wakala anapobaki, watu wa kituo kile wanajua walivyopiga kura, hata kama matokeo ya jumla yanasema vingine, na ujuzi huo hukaa nao miaka.

Sishangai kwamba eneo letu limetoa watu wa namna hii kwa wingi. Tuna makanisa yenye mabaraza ya wazee na kamati za fedha, Moravian, Walutheri na Wakatoliki, ambako mkulima wa kawaida hujifunza kuongoza kikao na kuandika muhtasari. Tuna ushirika wa kahawa Mbozi na vikundi vya wakulima wa chai Rungwe na Mufindi. Tuna wafanyabiashara wa Tunduma ambao mpaka na forodha vimewafundisha kudai risiti. Msigwa alitoka kwenye mimbari. Sugu alitoka kwenye muziki, na wamachinga walipopambana na polisi katika mitaa ya Mbeya Novemba 2011, mbunge ndiye aliyekwenda kuzungumza nao, kwa sababu walimhesabu kuwa mwenzao kabla hajawa mheshimiwa.

Bei yake tumeiona hapahapa. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mikononi mwa polisi, akiwa kazini kwenye ufunguzi wa tawi la Chadema. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Februari 2018 Sugu, akiwa mbunge, alihukumiwa Mbeya kifungo cha miezi mitano pamoja na katibu wa kanda wa Chadema, Emmanuel Masonga, kwa maneno waliyoyasema jukwaani kuhusu Rais, wakatoka Mei. Agosti 2024 polisi walizuia kongamano la vijana wa Chadema lililopangwa kufanyika Mbeya Siku ya Vijana na wakasema wamekamata watu 520. Usiku wa tarehe 2 Mei 2025 Mdude Nyagali, mwanaharakati wa chama hicho ambaye alikwisha kutekwa mwaka 2019 na baadaye kukaa mahabusu hadi mahakama ilipomwachia huru, alichukuliwa nyumbani kwake Mbeya. Familia yake ilistahili kupewa jibu tangu asubuhi ya siku iliyofuata.

Mtu wa nje angetarajia kwamba baada ya matukio hayo watu wangepungua. Baadhi wamepungua, na siwalaumu hata kidogo. Lakini nimeona pia kwamba kitisho humwondoa haraka yule aliyeingia kwa hesabu zake binafsi, kwa kuwa hasara imezidi faida, na humwacha yule ambaye kuondoka kwake kungekuwa kuwatupa watu waliomsimamia. Binti wa vitumbua aliyetoa kadi yake usiku ule amejiweka hatarini kwa ajili ya mama yule. Baada ya hapo mama hawezi kusema kwamba ameogopa, hata akiogopa. Deni hilo haliandikwi kwenye fomu yoyote, nalo ndilo linalobeba upinzani wa vijijini.

Kuhusu waliohama sitasema mengi. Silinde alihamia CCM mwaka 2020, akagombea Tunduma dhidi ya Mwakajoka, akatangazwa mshindi, na baadaye akawa naibu waziri. Msigwa alihamia CCM mwishoni mwa Juni 2024, wiki chache baada ya kushindwa na Sugu katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya Chadema. Kila mmoja ametoa sababu zake, na ni haki yake. Ninachopinga ni hoja inayofuata, kwamba kama wakubwa hao wamehama basi wote waliobaki wanasubiri bei tu. Mbunge anayehama hubaki mbunge au zaidi. Katibu wa tawi wa Makambako au Kyela hajawahi kufuatwa na mtu akiahidiwa unaibu waziri, na bado ameshikilia kadi yake.

Mwaka 2025 swali lenyewe liligeuka. Chadema ilisema hakuna uchaguzi bila mabadiliko ya mfumo. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, ambaye alipigwa risasi Septemba 2017 akanusurika, alikamatwa tarehe 9 Aprili baada ya mkutano wa Mbinga, hapa kusini, akashtakiwa kwa uhaini; siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi ikasema chama hicho, kwa kutosaini kanuni za maadili, hakitashiriki. Baadhi ya viongozi na wanachama walioona kwamba kususia ni kosa wakahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani, ili wapate kugombea. Tarehe 29 Oktoba uchaguzi ukafanyika, maandamano yakalipuka katika miji kadhaa ikiwemo Mbeya, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na Rais akatangazwa kushinda kwa asilimia 97.66.

Mama yule hakuchukua fomu. Kijana aliyekuwa wakala wake mwaka 2020 alichukua, kwa tiketi ya CHAUMMA, na jambo hilo liliwatenganisha kwa miezi kadhaa ingawa wote wawili bado wanaweka akiba katika kikundi kilekile. Niliwasikiliza kwa nyakati tofauti. Yeye mama aliniambia kwamba mwaka 2020 fomu ilimpa mahali pa kusema, lakini safari hii fomu ingemfanya awe ushahidi kwamba uchaguzi umekuwepo, na hakutaka kuwaomba wadhamini wake wahatarishe kazi za watoto wao kwa ajili ya ushahidi huo. Kijana alisema kwamba asipokuwepo mtu aliyechukua fomu, hakutakuwa na mtu mwenye haki ya kukaa ndani ya chumba cha kuhesabia, na kwamba haki ambayo haitumiki miaka 5 husahaulika hata na wenyewe. Hakuna kati yao aliyetaja kushinda. Mimi niliegemea upande wa mama, na baada ya tuliyoyaona Oktoba nimeegemea zaidi, kwa sababu chumba ambacho matokeo yake yanajulikana kabla hakimhitaji shahidi. Hata hivyo kijana aligombea kwa sababu ileile iliyomfanya mama agombee mwaka 2020 na akatae mwaka 2025: wote wawili walikuwa wanawajibu watu wa kikundi chao, na watu hao walikuwa wamegawanyika.